Mkono Uliovaa Kwanza

Mama Chausiku, jirani wa ukuta mmoja na akina Zuwena, anasema aliona kwa macho yake mawili, na kwamba hakuwa na homa wala usingizi. Anasema ilikuwa Jumanne alasiri, ametoka uani kuanua nguo zake. Kwenye kamba, kati ya kanga ya Zuwena na shuka la mistari, zilikuwa zimening'inia zile glavu nyeusi za mchezo, zimebanwa kwa vibanio, vidole chini. Hapakuwa na upepo. Ghafla glavu ya kulia ikajikunja. Kidole gumba na kidole cha shahada vikakutana kama vimeshika kitu chembamba, kisha glavu nzima ikaanza kwenda taratibu hewani, ikapinda, ikashuka, ikapanda tena.

"Inachora ua," anasema Mama Chausiku. "Ua na kikonyo chake na majani yake. Haikukosea hata jani moja. Mimi nikatupa beseni, nikapiga ukelele. Walipokuja watu, imetulia kama nguo nyingine."

Jioni ile ile, alipokuwa akisimulia kwa mara ya nne, glavu zilikuwa zimechora zote mbili na zilikuwa zimemwita jina lake.

Zuwena alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. "Labda ni upepo, mama," alisema.

"Upepo wa wapi unaojua kuchora?"

Zuwena aliingia ndani, akazitazama glavu zilizolala kitandani, akazigusa kwa ncha ya kidole. Zilikuwa na joto la jua tu. Glavu za aina ile hazichomekwi ukutani. Huanikwa juani zikanywa mwanga, kama mapaa yote ya Ngamiani yanavyokunywa mwanga siku hizi. Tanga ya miaka ile watu walikwisha kuzoea mashine. Mikokoteni-akili ilijipitisha yenyewe barabara ya kumi na mbili mpaka ya ishirini ikipeleka mizigo na kuomba njia kwa adabu, roboti za mifereji zilizibua maji machafu bila kuagizwa, na hakuna aliyegeuza shingo. Lakini glavu tupu kuchora ua, hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye karatasi ya maelezo. Zuwena alikuwa ameisoma karatasi ile mara tatu, na mara zote tatu alikuwa hajaielewa.

Alizinunua wiki tatu kabla, kwenye duka la Mdoe.

Zuwena alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimaliza darasa la saba, akaajiriwa kushona vifungo kwenye karakana ya sare, akashona mpaka mashine zilipojifunza kushona vifungo. Baada ya hapo alibaki na mchezo. Mchezo wenyewe unaitwa Kumi, kwa sababu mchezaji huendesha vyombo kumi vya angani kwa mara moja, kila kidole chombo chake, akivipitisha kati ya mawe yanayozunguka sayari ya Zohali. Ukitetemeka unywele mmoja, chombo kinagonga jiwe na kidole kile kinazimika. Watu walijaza kumbi kutazama. Timu ya Mkonge, ambayo ni timu ya Tanga, ilikuwa inawapa wachezaji wake mshahara na chumba cha kuishi, na mlangoni hapakuulizwa cheti cha shule. Paliulizwa umri tu. Aliyefikisha miaka ishirini na minne hakupokelewa. Kwa hiyo mchujo wa mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, na mpaka siku hiyo alikuwa akicheza kwa kipanya cha kuazima chenye kitufe kilicholegea.

"Karibu dada, karibu ndani, vitu having'ati," Mdoe alimwambia. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyesema haraka, na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. "Unacheza nini?"

"Kumi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kipanya."

Mdoe alivua miwani ya usoni. "Dada yangu! Kumi kwa kipanya? Ni kama kula wali kwa njiti ya kiberiti."

Alimzungusha dukani. Alimwonyesha kibodi zenye vitufe laini na zenye vitufe vinavyolia, vipanya vya kuongezwa uzito na vya kupunguzwa, viti vinavyotikisika jiwe likipita karibu, miwani inayokijaza chumba anga. Kila kitu kilikuwa na namba yake. "Hiki kinahesabu nukta elfu hamsini kwa inchi moja," alisema.

"Nukta za nini?"

"Za mwendo."

"Ahaa," alisema Zuwena, ingawa hakuona nukta yoyote.

Mwisho wakafika kwenye kabati la glavu. Mdoe alishusha sauti kama aliyefika mahali pa heshima. "Hapa ndipo wanaponunua wachezaji wa kweli. Sikiliza vizuri. Hizi za kwanza ni glavu tii. Unachofanya wewe ndicho zinachofanya, basi. Hizi za pili ni glavu tangulizi. Zinabahatisha unachotaka kufanya, zinakitangulia. Zikibahatisha vibaya, umekwisha. Na hizi," akagonga kioo, "ni glavu shirika. Ndani zina nyuzi-hisi, nyembamba kuliko unywele. Zikivaliwa mara ya kwanza zinaacha vumbi-hisi kwenye ngozi, vumbi hata hulioni, na kuanzia hapo mkono na glavu ni kitu kimoja. Glavu inajifunza ujuzi wa mkono, inauhifadhi, inaurudisha ukiuhitaji. Hata ukiwa sokoni unamenya vitunguu, glavu iko nyumbani inajifunza. Umeelewa?"

Nyuma ya Zuwena walikuwa wamesimama vijana wawili wenye mabegi ya chuo, wanasubiri zamu yao. Mmoja alikuwa akitabasamu, pengine kwa mambo yake mwenyewe.

"Nimeelewa," alisema Zuwena.

"Zina sharti moja. Ukikata utepe wa muhuri, nyuzi zinaamka. Una robo saa kuzivalisha mkono. Zisipopata mkono zinakufa, na mimi sizirudishi."

"Nimeelewa," alisema tena. Alichagua shirika. Hata sasa hawezi kusema kwa nini. Alitaka kuuliza kama tii zingemtosha, lakini swali lile lilionekana dogo mno mbele ya wale vijana. Alikuwa amejinyima mwaka mzima, akaona aibu kutoka na kitu cha kwanza kabatini.

Mzigo ulimfikia kesho yake, na mkokoteni-akili humfuata mnunuzi popote alipo. Zuwena alikuwa nyumbani kwa shangazi yake, kwenye hina ya binamu yake Nasra. Chumba kilijaa wanawake na moshi wa udi. Nasra alikwisha kuchorwa, amekaa kwenye mkeka kanyosha mikono na miguu kama mtu anayekaushwa. Aliyekuwa akichora ni Bi Shufaa.

Mjini zilikuwepo mashine za nakshi. Unaingiza mkono kwenye tundu, unahesabu mpaka ishirini, unautoa umechorwa. Wasichana wa shule walizipenda. Lakini bibi harusi wa Tanga alikuwa bado anataka mkono wa Bi Shufaa, kwa sababu mistari ya Bi Shufaa ilikuwa haina mwanzo wala mwisho wa kuonekana, na kwa sababu alikuwa anachora huku anakutukana mpaka unasahau woga wa ndoa.

"Tulia, Zuwena. Mkono wako mgumu kama ufagio," alikuwa akimwambia. "Ukiolewa wewe nitakuja na patasi."

"Nitaolewa na Zohali, Bi Shufaa."

"Huyo ana mali? Maana namsikia ana pete nyingi."

Wakati wanacheka, mkokoteni ukabisha hodi barazani. Shangazi mtu alitoka, akarudi na sanduku jeusi lenye utepe wa dhahabu, akalipandisha juu kama tunu. "Zawadi ya bibi harusi hiyo!" Wanawake wakapiga vigelegele. Na kwa kuwa nyumba ya harusi haina mzigo usiofunguliwa, shangazi akakata utepe kwa meno.

Sanduku likasema kwa sauti laini ya kike: "Nyuzi zimeamka. Tafadhali ingiza mikono. Dakika kumi na tano."

"Yallah! Sanduku linachumbia!" mmoja akapiga kelele, na kicheko kikaanza upya.

"Shangazi, ni langu hilo!" Zuwena alijaribu kusimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa na hina mbichi mpaka viwikoni. "Nipeni maji nioshe!"

"Uoshe nini?" Bi Shufaa alimvuta chini kwa kanga. "Kazi yangu ya saa nzima ukaimwage chooni? Hina haijapata hata dakika tano, itatoka rangi ya chai ya msibani. Kaa."

"Zitakufa, Bi Shufaa. Zisipopata mkono zinakufa."

"Zina roho?"

"Sijui! Ndivyo alivyosema." Zuwena alilitazama sanduku, akaitazama mikono yake iliyokuwa hewani. "Basi nivalie wewe. Kidogo tu, zisife. Mimi nitazivaa nikishaosha."

Bi Shufaa aliifuta mikono yake kwa kitambaa, akazivaa glavu, akachezesha vidole mbele ya uso wa bibi harusi. "Zinatekenya," alisema, akacheka kama msichana.

"Ahsante," sanduku likasema. "Zimemjua mwenyewe."

Vigelegele vililifunika neno hilo. Zuwena alilisikia. Alilisikia vizuri kabisa, na alifikiri "mwenyewe" maana yake ni mnunuzi.

Tangu Zuwena alipozivaa, mchezo ukawa kitu kingine. Vyombo vyake havikutetemeka tena. Vilipita kati ya mawe kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano iliyoshikwa na fundi. Wakati mwingine chombo kilipinda kwa njia ambayo yeye hakuwa ameifikiria, kikazunguka jiwe kwa mduara mzuri, kikarudi. Alitoka nafasi ya mia mbili na kitu, akaingia thelathini, akaingia kumi bora. Siku ya Jumapili alikuwa wa sita. Mama Chausiku, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaona kitu kwenye kamba, alimpikia visheti.

Furaha yake ilikuwa na kitu ndani yake kisichokaa sawa. Akivua glavu na kushika kipanya cha zamani, mkono wake ulikuwa ule ule wa siku zote, mgumu kama ufagio. Kama glavu zilikuwa zinajifunza ujuzi wake na kuuhifadhi, ujuzi huu mwingine ulitoka wapi? Alirudi kwenye karatasi ya maelezo. Karatasi ilisema: ujuzi wa mwenyewe.

Wiki ya pili alikutana na Bi Shufaa dukani, ananunua mchele. Alikuwa ameshika mfuko kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameuficha ndani ya kanga.

"Shikamoo, Bi Shufaa."

"Marahaba. Hujambo, mke wa Zohali?"

"Sijambo. Mkono una nini?"

Bi Shufaa aliutoa. Vidole vilikuwa vinatetemeka, si kwa nguvu, ila mfululizo, kila kimoja na mwendo wake. "Umekuwa mkorofi. Juzi nimemharibia mtoto wa watu kiganja. Nimeanza ua, mkono ukaruka, mstari ukaenda mpaka kwenye mshipa. Mama yake akanitazama, mwanangu, heri angenitukana." Alicheka, lakini kicheko kilikatika. "Roboti wa hospitali amenipima. Anasema mishipa mizima, damu nzima, mimi mzima. Nikamuuliza, kama mimi mzima huyu anayecheza ngoma ni nani? Akaniambia nirudi baada ya mwezi."

Zuwena alimbebea mchele mpaka nyumbani. Njiani alikuwa akikitazama kidole cha shahada cha Bi Shufaa. Kilikuwa kinakwenda mbele, kinarudi, kinapinda kulia. Alikuwa na hakika amekiona kidole kile mahali fulani kikipinda vile vile, na hakukumbuka wapi.

Kisha ikaja ile Jumanne ya kamba ya nguo.

Zuwena hakuwa mtu wa kusema haraka. Alikuwa mtu wa kukaa na jambo. Jumatano asubuhi alikwenda kwa Bi Shufaa, akakaa naye jikoni, akamsaidia kuchambua mchele, na katikati ya maongezi akauliza, "Huu mkono hutetemeka saa ngapi hasa?"

"Umekuwa daktari?"

"Nauliza tu."

"Ikishaadhiniwa alasiri. Mpaka karibu na magharibi. Baada ya hapo unabaki umechoka kama uliolima. Asubuhi asubuhi una nafuu, ndiyo hizi kazi mbili tatu nazikamatia." Akafikiri. "Ila jana alasiri haukunisumbua kabisa. Nilikwenda Chumbageni, nikamchora mtu vizuri, nikasema Alhamdulillahi, umepona."

Jana alasiri Zuwena hakucheza. Glavu zilikuwa kwenye kamba.

Alichambua mchele punje kwa punje mpaka ukaisha. Siku zote yeye hucheza baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Aliyapanga mambo hayo mawili kichwani, moja pembeni ya jingine, akayaona yamekaa pamoja, lakini hakuona yameshikana kwa nini.

Alhamisi asubuhi alizitandaza glavu kwenye mkeka, viganja chini, akakaa mbele yake amekunja miguu. Akampigia simu Bi Shufaa, ambaye alikuwa na mteja barabara ya kumi na nne.

"Unachora sasa hivi, Bi Shufaa?"

"Ndiyo kwanza nataka kuanza. Unataka nini?"

"Nataka kukusikia tu. Endelea, usikate."

"Mtoto huyu ana wazimu," Bi Shufaa alimwambia mteja wake, akaanza.

Glavu ya kulia ikajikunja. Kidole gumba na cha shahada vikakutana, na kiganja kikaanza kusogea juu ya mkeka, taratibu, kikiacha alama hafifu kwenye ukili. Ua likatokea, kikonyo kikatokea, majani yakapangana. Kwenye simu Bi Shufaa alikuwa akisema, "Usinivute mkono, nitakufinya." Kisha akasema, "Ngoja ninywe chai kidogo," na glavu ikalala. Kikombe kikagonga sahani. Bi Shufaa akamaliza chai, na glavu ikaamka.

Ijumaa Zuwena alisimama dukani kwa Mdoe na glavu ndani ya mfuko. Safari hii hakujali waliosimama nyuma yake. "Nieleze tena," alisema. "Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hakuelewa, kwa sababu sikuelewa."

Mdoe alisikiliza habari ya harusi mpaka mwisho, akavua miwani yote mbili.

"Dada, kuvaa anaweza kuvaa yeyote. Lakini mwenyewe ni mmoja, ni mkono uliovaa kwanza. Glavu haijui kucheza Kumi. Haijui kitu. Ikifika mahali pagumu inauuliza mkono wake: hapa napitaje? Mkono unajibu. Inauuliza kupitia lile vumbi-hisi, kupitia mtandao wa anga, popote mkono ulipo. Kwa kawaida mkono uko mle mle ndani ya glavu, hivyo mwenyewe hasikii chochote."

"Na ukiwa haumo?"

"Ukiwa haumo, unaulizwa ukiwa jikoni. Unaulizwa ukiwa na koni ya hina. Mara elfu kwa saa. Hautetemeki kwa ugonjwa, dada. Unajibu."

Zuwena alishika ukingo wa meza. "Unaachaje?"

Mdoe alimwonyesha punje ndogo ya bluu kwenye kifundo cha glavu. "Huu ndio moyo wake. Ukiung'oa kwa sindano hii, zinabaki kitambaa. Maswali yanakwisha."

"Na mkono unarudi kama zamani?"

"Unatakiwa kurudi. Sijapata kuona mtu aliyefanya kosa la namna hii, kwa hiyo siwezi kukuapia. Ninachojua, kila saa ya mchezo mgumu inauzoesha mkono kutetemeka. Mchujo wa kesho unachukua saa tano mfululizo. Baada ya kesho..." Akampa sindano bila kumdai kitu. "Si niliuliza kama umeelewa?"

"Uliuliza," alisema Zuwena.

Jumamosi saa sita na nusu mchana alifika kwa Bi Shufaa, glavu zimo mfukoni, sindano imo kwenye pindo la kanga. Milango ya ukumbi ilikuwa ifungwe saa nane. Alijiambia kwamba atasema kwanza, mengine yatajulikana yenyewe. Hakuwa amefika mbali zaidi ya hapo katika kufikiri.

Bi Shufaa alikuwa uani, anajaribu kujaza koni. Nusu ya hina ilikuwa imemwagika kwenye sinia. Ndani, kwenye mkeka, alikuwa amekaa bibi harusi aitwaye Mwajabu, na mama yake amesimama dirishani anahesabu masaa.

"Nilikataa," Bi Shufaa alinong'ona. "Nimewaambia mkono mbovu. Mama mtu anasema yeye mwenyewe nilimchora mimi, dada zake niliwachora mimi, mashine haitamgusa mwanawe. Nifanyeje?"

Zuwena alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote. Alieleza kama alivyoelezwa, akakosea, akarudia. Bi Shufaa alianza kwa kucheka, kisha akaacha.

"Kwa hiyo huyu anayeshangiliwa wa sita Tanga nzima," alisema taratibu, "ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na mimi nimelala wiki tatu nafikiri napooza. Nimeandika wosia, Zuwena. Nimempa jirani funguo, niliogopa nitaanguka peke yangu."

"Nisamehe, Bi Shufaa. Sikujua."

"Najua hukujua." Alinyoosha mkono unaotetemeka. Tangu asubuhi Zuwena hakuwa amezivaa glavu, lakini mkono ulikuwa hauna nafuu tena hata mchana. "Zilete nizione."

Alizivaa. Mtetemo ukakatika pale pale, kama mtu aliyenyamazishwa. Bi Shufaa aliutazama mkono wake muda mrefu. Akachukua koni, akachora waridi kwenye sinia kwa pumzi moja, petali ndani ya petali, bila kuinua ncha.

"Ukiutoa huo moyo wake," aliuliza bila kuinua macho, "mkono wangu unarudi?"

"Mdoe anasema unatakiwa kurudi."

"Anaapa?"

"Haapi."

"Basi wa kesho siujui," alisema Bi Shufaa. "Wa leo ninao."

Alisimama, akachukua sinia na koni, akaingia ndani na glavu mikononi. Mama wa bibi harusi alipoona zile nyeusi akafungua mdomo, lakini Bi Shufaa alikwisha kukaa, kiganja cha Mwajabu kimelala gotini kwake, na mstari wa kwanza ulipotoka yule mama akafunga mdomo na kusogea karibu.

Zuwena alisimama kizingitini. Bangili yake ya mawasiliano ikatetemeka na kusema kwa sauti ya ukumbi: mshiriki nambari sita, milango inafungwa baada ya dakika arobaini. Alitaka glavu zile azipeleke ukumbini. Alitaka pia azichome sindano hapa hapa mlangoni. Yote mawili aliyataka kwa nguvu moja, na kwa lolote kati ya hayo ilikuwa lazima kwanza zirudi mkononi mwake.

"Bi Shufaa," alisema.

Waridi lilikuwa limefika kwenye kifundo cha bibi harusi, linatoa majani.

"Bi Shufaa, nakuomba glavu zangu."

Mkono mweusi haukusita. Ulimaliza jani, ukainuka kidogo, ukatafuta mahali pa jani linalofuata.

"Tanua vidole, bibi harusi," alisema Bi Shufaa.